Ngao Inayosomeka: Alama za Cheo Umaasaini na Mexico ya Kale

Mhadhara uliotolewa Magadi mbele ya wazee, walimu na wanafunzi. Unachapishwa hapa pamoja na maneno ya papo kwa papo.

Nimeonywa kuwa joto la Magadi halina subira na msemaji, na kwamba ikifika saa saba hata feni hizi zinakata tamaa. Basi tuanze mapema.

Nilialikwa nizungumze juu ya alama za vyeo katika maandishi ya picha ya Waazteki wa Mexico. Ni somo zuri, lakini nilijua nikilileta hivyo lilivyo, mzee mmoja hapa angeniuliza: kwani kwetu hakuna? Kwetu kuko. Ndiyo maana Waazteki nimewaleta kama wageni wa heshima, na mwenye nyumba leo ni ngao ya Kimaasai. Lengo langu ni kuonyesha kwamba ngao hiyo ilikuwa inasomeka kama vile kitabu cha picha kinavyosomeka, na kwamba kilichoipa maana ni mamlaka ya yule aliyeruhusu rangi fulani ipakwe mahali fulani. Nina hoja nne. Urefu wake haulingani, na ile ya tatu ndiyo hasa iliyonileta.

Hoja ya kwanza: Cheo huandikwa pale ambapo watu watakiona

Mji mkuu wa Waazteki uliitwa Tenochtitlan, na magofu yake leo yako chini ya jiji la Mexico. Wahispania waliuteka mwaka 1521. Takriban miaka 20 baadaye, wachoraji wenyeji walitengeneza kitabu ambacho kwa kawaida huhusishwa na Antonio de Mendoza, mwakilishi wa mfalme wa Hispania, na ndiyo sababu kinaitwa Kodeksi ya Mendoza. Hakikukaa Hispania. Kiliangukia mikononi mwa Mfaransa André Thevet, aliyeandika jina lake ndani yake, kikavuka bahari tena, na hadi sasa kimo katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Ukurasa wake wa kwanza wa picha unaonyesha kuanzishwa kwa Tenochtitlan. Wanaume kumi wameketi. Tisa wamekalia mafungu ya matete mabichi. Wa kumi, Tenoch, amekalia mkeka uliosukwa, na mbele ya mdomo wake kuna alama ndogo iliyojikunja, maana yake huyu ndiye anayesema. Hakuna neno lililohitajika kutuambia nani mkubwa. Tunamjua kwa alichokalia na kwa kinachotoka mdomoni mwake. Watawala waliomfuata wanachorwa na taji la feruzi lenye ncha mbele, na kiti cha matete chenye mgongo mrefu. Kwao mkeka na kiti vilikuwa enzi yenyewe.

(Hapo naona mzee mmoja anacheka. Ni kweli, mzee wangu, hata katika enkiguena, yaani baraza letu, watu hawaketi ovyo, na anayesimama kusema husimama na fimbo au rungu mkononi.)

Wazee wetu hawakuwa na vitabu vya picha. Walikuwa na ngozi ya nyati. Kwa faida ya vijana ambao ngao wameiona kwenye bendera tu, nieleze ilivyokuwa. Ngozi ilikatwa kwa umbo la jani refu, ikanyooshwa, kingo zikazungushiwa ukanda wa ngozi ulioshonwa, na nyuma katikati ukapita mti wa kuikaza, ambao pia ulikuwa mshikio. Upande wa mbele ulipakwa rangi: nyekundu ya udongo uliochanganywa na damu au utomvu wa mimea, nyeupe ya udongo mweupe, na nyeusi ya mkaa. Mchoro huo uliitwa sirata. Kwa kawaida mstari ulishuka katikati na kuigawa ngao pande mbili, na kila upande ulikuwa na maumbo yake, mengine ya duara nusu, mengine ya vipande vilivyopangwa kandokando ya ukingo.

Morani wa rika moja na olosho moja (tawi la Wamaasai; wingi wake iloshon) walibeba sirata zinazofanana. Aliyesimama mbali katika uwanda wa Kaputiei, kabla hajaona sura ya mtu wala kusikia sauti, aliweza kujua hao wanaokuja ni Waloodokilani au Wamatapato, ni Wakisonko au Wapurko. Uamuzi wa kukimbia, kupigana au kusalimia ulitegemea usomaji huo, na msomaji mbovu hakupata nafasi ya kurudia mtihani. (Kicheko.)

Rangi zenyewe ni za kale mno katika bonde hili. Hapo Olorgesailie, mnapopita kila mnapokwenda Nairobi, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamekuta vipande vya mawe ya rangi nyekundu na nyeusi vyenye alama za kufanyiwa kazi na binadamu, vya takriban miaka 300,000 iliyopita. Kimoja kilikuwa kimechokonolewa kwa makusudi. Sisemi hata kidogo kwamba hao walikuwa Wamaasai. Wamaasai wamefika hapa juzi ukilinganisha na muda huo. Nasema tu kwamba anayechukua udongo mwekundu wa Magadi akajipaka ili aonekane yeye ni nani, anafanya kazi yenye historia ndefu hapahapa alipo.

Hoja ya pili: Rangi bila ruhusa ni uchafu tu

Mwaka 1904 afisa wa Kijerumani Moritz Merker alichapisha kitabu kikubwa juu ya Wamaasai. Mwaka uliofuata Mwingereza Alfred Claud Hollis akachapisha chake. Mmoja alifanya kazi upande wa Kilimanjaro uliokuwa chini ya Wajerumani, mwingine upande huu wa mpaka. Ni kupitia maandishi ya wakati huo, na ngao zilizochukuliwa na kupelekwa katika majumba ya makumbusho Ulaya, kwamba mambo mengi ya sirata yametufikia yakiwa yameandikwa.

Alama moja inastahili tuitazame kwa karibu. Iliitwa sirata el langarbwali, doa jekundu lililoongezwa kwenye ngao ya mtu aliyeonyesha ushujaa mkubwa vitani. Sasa sikilizeni sharti lake: hakuna aliyeweza kujipaka mwenyewe kwa kuamua tu. Ilibidi mkubwa wake aruhusu. Udongo mwekundu ulijaa kila mahali, kila morani alikuwa nao, na alijipaka kichwani na mabegani apendavyo. Lakini udongo uleule, ukiwekwa pale kwenye ngao, ulikuwa na mwenye kuutoa. Vijana mtaelewa haraka nikiwataja askari wa kituo chenu. Koplo ana tepe mbili na sajini ana tatu. Kitambaa cha tepe kinauzwa dukani na fundi cherehani yeyote anaweza kukishona, ila ukijishonea la tatu usiku, asubuhi utalala ndani.

Waazteki walifanya hivyohivyo, na kitabu cha Mendoza kinaonyesha ngazi kwa ngazi. Kijana aliyekamata mateka mmoja vitani alipewa shuka yenye maua. Aliyekamata wawili alipewa vazi la vita lenye kofia ndefu iliyochongoka. Aliyefikisha watatu alibeba mgongoni pambo la kipepeo, na aliyefikisha wanne akavaa vazi la jagua, yule chui mkubwa wa misitu ya huko. Kila hatua imechorwa na mateka wake akiwa ameshikwa nywele, yaani ushahidi umewekwa kando ya cheo. Sheria iliwabana hata raia wa kawaida: pamba ilikuwa ya wakubwa, na mtu wa chini alivaa nguo za nyuzi za mmea wa jamii ya mkonge. Shuka iliyofika kwenye kifundo cha mguu ilikuwa ya watukufu. Kulikuwa na msamaha mmoja, ambao napenda kuusimulia: shujaa aliyejeruhiwa miguu vitani aliruhusiwa kuvaa ndefu ili kufunika makovu.

Tofauti kubwa tusiifiche. Mexico cheo kilirithiwa; palikuwa na watoto wa wakubwa na watoto wa wakulima, na kwa kiasi kikubwa kila mmoja alibaki alikozaliwa. Kwa Wamaasai cheo kilipita kwenye rika. Leo uko morani, kesho umenyolewa nywele katika sherehe ya eunoto, keshokutwa ni mzee mwenye mgwisho na kibweta cha tumbaku, na wote mliotahiriwa pamoja mnapanda pamoja. Utukufu wa kuzaliwa ulikuwa mdogo, isipokuwa kwenye ukoo mmoja, ambao ndio unanipeleka kwenye hoja ya tatu.

Kabla sijafika huko: rungu jeusi. Olaiguenani, msemaji wa rika, huteuliwa akiwa bado kijana na hukabidhiwa rungu jeusi. Halimfanyi mfalme. Hawezi kuchukua ng'ombe wa mtu wala kumfunga mtu. Linampa haki ya kusikilizwa na mzigo wa kusikiliza, na rika likikosea, yeye ndiye anayeulizwa. Wenye ndoto za ugavana walio humu ndani wakumbuke sehemu hiyo ya mwisho. (Kicheko na makofi.)

Hoja ya tatu: Alama ikisomwa vibaya, ardhi hupotea

Ukoo niliousema ni Inkidong'i, ukoo wa iloibonok, yaani waganga na watabiri. Mkubwa wao wa karne ya 19 alikuwa Mbatian, aliyefariki takriban mwaka 1890. Hollis aliandika simulizi ya kurithiwa kwake, na wazee hapa wanaijua bila Hollis. Mbatian alikuwa mgonjwa na jicho lake moja halikuona. Alimwambia mwanawe mkubwa, Sendeyo, aje asubuhi achukue vifaa vya uganga. Mdogo wake Olonana, ambaye wengi mnamwita Lenana, alikuwa amejificha kwenye zizi la ndama akasikia yote. Akaamka kabla ya alfajiri, akaingia kwa baba yake akijifanya Sendeyo, akapewa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe na mfuko. Sendeyo alipofika, vitu havikuwapo. Baba alijua kosa limetendeka, na halikurudishwa nyuma. Sendeyo akakataa kuwa chini ya mdogo wake, na watu wakagawanyika, katika miaka ileile ambayo sotoka ilikuwa ikimaliza ng'ombe.

Wengi husimulia habari hii kama hadithi ya ujanja. Mimi naisoma kama hadithi ya uandishi. Pale kibandani hapakuwa na karatasi wala sahihi. Ushahidi wa nani ameteuliwa ulikuwa vitu vitano, na vikishatoka mkononi, vimetoka. Mbatian hakuweza kusema baadaye, "Nilimaanisha yule mwingine." Alama iliyotolewa na mwenye mamlaka ilifunga mikono ya mwenye mamlaka mwenyewe. Nguvu yake ndiyo hiyo, na hatari yake pia.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa njiani. Waingereza walipoingia walitafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa niaba ya Wamaasai wote. Wakamwona Olonana, mtu mwenye heshima kubwa na mwenye rungu la chuma, wakalisoma kama fimbo ya kifalme, wakamtambua kuwa chifu mkuu. Lakini rungu la chuma la oloiboni na rungu jeusi la olaiguenani ni vitu viwili. La kwanza ni la baraka, tiba na utabiri. La pili ndilo linalosemea rika. Aliyeshika moja hakushika jingine, na hakuna hata mmoja aliyeweza kugawa ardhi ya iloshon zote.

Mwaka 1904 mkataba ukaandikwa. Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa na kuwekwa katika maeneo mawili, la kaskazini Laikipia na la kusini huku kwetu, na ikaahidiwa kwamba mpango huo utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na Aprili mwaka huohuo mkataba wa pili ukaifuta ahadi: walioko Laikipia wahamie kusini. Parsaloi ole Gilisho, ambaye nyaraka za Waingereza zinamwita Legalishu, alikuwa olaiguenani na kiongozi mkubwa wa Wapurko kule kaskazini. Wamaasai walikwenda mahakamani, na hukumu ya mwaka 1913 ikasema mikataba hiyo ni ya mataifa, kwa hiyo si kazi ya mahakama kuigusa. Kesi ikafa mlangoni.

Nawaomba mtazame ukurasa wa mwisho wa mikataba hiyo kwa jicho la msomaji wa ngao. Watu waliosimama mbele ya maafisa wale walikuwa na tofauti kubwa baina yao: oloiboni, wasemaji wa marika, watu wa iloshon mbalimbali. Uwandani, tofauti hizo zingesomeka kutoka mbali. Kwenye karatasi kila mmoja aliweka alama yake tu kando ya jina lililoandikwa na mwingine. Aliyekuwa na haki ya kusema na asiyekuwa nayo wakalingana. Karatasi ile haikuwa na sehemu ya kupakia sirata, na sidhani ilikuwa bahati mbaya. Mamlaka inayotaka ardhi hupendelea mwandiko usioonyesha nani hana ruhusa ya kuitoa.

Mwaka huohuo 1911 Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa, na reli kutoka Konza ikafuata. Mambo ya ukodishaji wa ziwa la Magadi yanahitaji mhadhara wake, na Mwenyekiti ananitazama, basi napita. (Kicheko.)

Hoja ya nne: Alama iliyobaki bila mtoaji

Hii ni fupi. Vita vya iloshon vilikoma, serikali ya kikoloni haikupenda kuona morani wenye mikuki na ngao, na ngao zikaacha kutengenezwa kwa matumizi yake ya asili. Tarehe 12 Desemba 1963 ngao ya Kimaasai na mikuki miwili ikapanda mlingotini katikati ya bendera ya Kenya. Ni heshima kubwa. Hata hivyo ngao ile haina rika wala olosho. Imeruhusiwa na Bunge, ambalo ni mtoaji wa aina nyingine, na wajibu wa kuisoma umekuwa wa Wakenya wote.

Shanga ndizo zinanitia wasiwasi zaidi. Kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Kitengela hadi Kajiado, mkufu uliokuwa wa bibi harusi ananunua yeyote mwenye pesa, na mama aliyeutengeneza anapata ada ya shule. Sitamlaumu hata kidogo. Nasema tu kwamba mnunuzi amebeba herufi asizozijua, na binti wa mama huyo naye ameanza kuzisahau, kwa sababu mteja anataka zilingane na viatu.

Kazi iliyo mbele yetu

Waazteki walipoteza vitabu vyao vingi motoni. Wanaosoma leo vile vichache vilivyobaki wanategemea maelezo yaliyoandikwa kando ya picha na watu waliowauliza wazee wa karne ya 16 kabla hawajafa. Sisi bado tuna wazee. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha sherehe za rika za enkipaata, eunoto na olng'esherr miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na Septemba 2020 maelfu ya wanaume walikusanyika vilima vya Maparasha, hapa Kajiado, kwa olng'esherr. Pale zilionekana alama nyingi za cheo kwa siku moja kuliko mtu anavyoziona kwa miaka. Zilipigwa picha bila hesabu, nyingi zikawekwa kwenye simu bila neno moja la maelezo. Sherehe ijayo ya namna hiyo ingefaa ikute vijana wenye madaftari, kila mmoja amepewa mzee mmoja wa kumuuliza: hiki ni nini, nani alikupa, na angeweza kukunyima?

Swali la tatu ndilo muhimu kuliko yote, maana watafiti wengi husahau kuliuliza.

Pili, shule zetu ziandikie majumba ya makumbusho yenye ngao za Kimaasai, Nairobi na Ulaya, ziombe picha za kila ngao, mbele na nyuma, pamoja na mahali na mwaka ilipochukuliwa. Kurudishwa kwa ngao zenyewe ni mjadala mrefu, na mimi niko upande wa kurudishwa. Lakini picha hazihitaji mjadala. Zinahitaji barua, na barua inaweza kuandikwa wiki hii katika darasa la Kiswahili.

Nimekuja na picha kumi za ngao za zamani, zimechapishwa kwa ukubwa wa ukurasa mzima. Nimeziweka kwenye meza ile karibu na dirisha, pamoja na kalamu na karatasi tupu. Nimezipa namba tu, bila maelezo yoyote, kwa makusudi. Baada ya chai nawaomba wazee mzitazame mmoja mmoja, mbishane kadiri mnavyotaka, na wanafunzi waandike kila jibu hata kama yanapingana. Mwalimu wa historia amekubali kukusanya karatasi. Sasa nakaribisha maswali, kuanzia kwa yule mama aliyenyoosha mkono tangu hoja ya pili.